Sufuria Hutangulia

...na kalamu ya hakimu ilikuwa bado inakwaruza karatasi, inakwenda na kurudi kama jembe la mtu asiyefukuzwa na mvua, naye Levina amesimama kizimbani, kiapo kingali cha moto ulimini, kweli tupu na kweli yote, ee Mungu nisaidie, "Subiri, mama, usiitangulie kalamu," hakimu alimwambia bila kuinua uso, basi akasubiri, maana huku ndivyo ilivyo, neno likishatoka kinywani husimamishwa mlangoni mpaka liandikwe, na aliyelitoa hubaki ananing'inia katikati ya maneno yake mwenyewe kama ndoo katikati ya kisima, haijafika majini, haijarudi juu, na maneno yaliyokuwa yakiandikwa ni haya, nilikuwa mke wa marehemu Beatus, machache tu, mbona yanachukua muda hivi, au hakimu anayapima, au anaandika na kile kikohozi kilichoyafuata, kikohozi cha shemeji yake Telesphory, kaka mkubwa wa Beatus, aliyekohoa penye neno mke kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa perege... na balaa ni kwamba kikohozi kile kilikuwa cha Beatus, kilekile, kikavu, cha mara mbili, chenye kuanzia kifuani na kuishia puani, ndugu wa tumbo moja hawagawani sura peke yake, na kila kilipokuja mkono wa Levina ulitaka kwenda kutafuta kikombe cha maji bila kumwomba ruhusa, ukaenda kweli kidogo, akaurudisha, akaushikisha ubao wa kizimba, tulia, huyu si yeye, huyu ni mweka pingamizi, "Haya, sasa niambie," hakimu akainua uso, kijana wa watu, mgeni wa bonde hili, mpole lakini si wa kuchezewa, "hadi anafariki, marehemu alikuwa akiishi wapi?" akainama kuliandika swali, kalamu ikakwaruza kavu, akaitikisa, akaipumulia, akaichora-chora pembeni, wino hakuna, "Careen, hebu nitafutie nyingine," na karani akainuka na viatu vyake vyenye kulia akatoka kuelekea ofisi ya pili, "Usijibu kwanza, mama, jibu lisiloandikwa ni upepo," basi hata jibu likakatazwa, likabaki swali peke yake, limesimama naye kizimbani bega kwa bega.

Wapi... swali dogo kama punje, na Dorika, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyekaa benchi la nyuma na kitenge chake cha kutokea, alikuwa amemfundisha jibu lake tangu jana, sema Mlabani, hapa Ifakara kwenye nyumba yenu, shoga yangu, sema Mlabani kwa sauti kavu, shambani alikuwa anakwenda kulima tu kama watu wote, ukiitaja Chita, kule shambani, umejinyonga kwa kanga yako mwenyewe, nyumba imekwenda na wewe umekwenda, watakuandika hawara, na Levina alikuwa ameliweka neno hilo chini ya ulimi kama kidonge, Mlabani, Mlabani, lakini kiapo nacho kimepita palepale chini ya ulimi, na viwili hivyo havikupatana, kimoja kikawa kinamsukuma mwenzake... na si nyumba, jamani, watu wanadhani ni nyumba, nyumba ni matofali ya kuchoma, Beatus aliyafyatua na yeye akayachotea maji, mtu huweza kuyapa kisogo matofali, kinachogombewa ni neno, mjane, neno ambalo hakuna mwanamke aliyezaliwa akilitamani, naye leo amesimama mbele ya watu analiomba kama mtu anayeomba chumvi, maana siku ya kwanza hakimu aliwaeleza wote, hapa leo hatugawi mali, tunatafuta nani asimamie mirathi, na kabla ya hilo tunatafuta huyu mama ni nani kwa marehemu, cheti cha ndoa hana, mtoto hana, lakini sheria inasema mume na mke wakiishi pamoja miaka miwili na zaidi, watu wakawatambua hivyo, basi huhesabiwa hivyo mpaka mwingine athibitishe sivyo, na mweka pingamizi anasema kuishi huko kulikoma, ndivyo hakimu alivyosema, kulikoma, kama mvua... na kabla ya pingamizi kulikuwa na lile tangazo, alipopeleka maombi yake karatasi ilibandikwa ubaoni nje, jina lake na jina la Beatus juu ya karatasi moja, naye alisimama mbele ya ubao ule mpaka jua likamhama begani, maana majina yale hayakuwahi kuandikwa pamoja popote, si kanisani, si bomani, miaka yote ile ilikuwa tukivuna, Levina, tukivuna tutaipeleka ndoa yetu kwa padri, bibi harusi wangu subiri, ndivyo alivyomwita mpaka mvi zikamwota, bibi harusi, na majirani wakicheka, bibi harusi gani anachota maji ya kumwagilia mchicha, na kumbe ubao wa mahakama ndio uliokuja kuwatangaza kama wachumba, tena kwa maneno yaleyale ya kanisani, mwenye pingamizi na ajitokeze, akajitokeza shemeji.

Akajitokeza na muhtasari wa kikao cha ukoo, wazee wameteua Telesphory, na Levina alikuwa amepeleka uji mpaka mlangoni mwa kikao hicho hicho akaambiwa weka hapo, shemeji, asante, funga mlango... wala Telesphory hakusema uongo, hilo ndilo lililomuuma, alisimama hapa hapa akashika ubao huu huu, "Walikaa pamoja, mheshimiwa, sikatai, hata mimi nimekula ugali wake na nikaomba wa pili, lakini kukaa kuliisha, misimu miwili mdogo wangu hakukanyaga Mlabani, na mume na mke si treni mbili, mheshimiwa, eti zinapishana stesheni, moja inakuja moja inaondoka, honi kwa honi, basi yamekwisha," watu wakacheka, hata Dorika akacheka kisha akajifuta mdomo, na ni kweli, hakukanyaga, msimu wa kwanza maji yalishuka kutoka milimani yakaufunika mpunga ungali na mimba, bonde lote likawa kioo, na Beatus akapanda juu ya kichuguu anakopatia mtandao akapiga simu, sauti yake ikija na upepo, "Nije na nini, Levina, nije na mikono?" "Njoo na mikono," akamwambia, "mikono hiyo hiyo ndiyo ninayoitaka," simu ikakatika, na tangu siku ile hajui kama alisikia, ee Bwana, kama kungekuwa na kuuliza mbinguni angeuliza hilo moja tu, alisikia au hakusikia... lakini kwao mtu harudi kutoka bondeni mikono mitupu, ni heri alale na nyoka shambani, na harudi pia bila kutanguliwa, sufuria hutangulia, mwenyewe hufuata, ndivyo walivyosema kwao na ndivyo walivyofanya, baba yake na babu yake, mtu akishavuna na kupiga mpunga wake, hutwanga kidogo kwenye kinu, hutia mchele mpya katika sufuria aliyopikia shambani msimu mzima, akaifunga kwa kitambaa na kuituma nyumbani kwa gari, bila simu, bila salamu, nayo huwekwa kibarazani, mke akiiona hujua, maana asiye na sufuria hana cha kupikia, na asiye na cha kupikia kesho hana budi kula kwake, basi mke hufagia, hutandika, huchota maji, na mchele ule haupiki, hauugusi hata kwa kidole, mpaka mwenyewe aingie ndani, ndipo hupikwa, ndipo huliwa... na Levina msimu wa mavuno masikio yake yalihamia barabarani, Kosta ya Chita ikipiga honi pale kona moyo wake ulitoka nje kabla ya miguu, mwaka huu, mwaka huu, akakuta kibaraza, na benchi, na kuku wa Dorika amelala kivulini, sufuria hakuna, akarudi ndani akaendelea na alichokuwa akikifanya, na hakukumbuka alikuwa akifanya nini.

Kisha watu wakaanza kusema, huchelewi kusemwa, amepata Msukuma huko, anaitwa Kabula, mwenye ng'ombe, mjane, shamba lake limepakana na la Beatus, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto wakaja, na mwanamume anayepikiwa atume sufuria ya nini... naye Kabula ndiye aliyemkuta Beatus alfajiri ile ameanguka chini ya dungu lake la kuamia ndege, presha, walisema, na ndiye aliyepiga simu, na msibani alikuja na maziwa kwenye kibuyu, akamshika Levina mikono miwili akasema, "Pole, mwenzangu," mwenzangu, tangu siku hiyo neno hilo limelala naye kitanda kimoja, linageuka akigeuka, mwenzangu kwa lipi... ndiyo maana leo asubuhi hakusikia vizuri, Festo, konda wa Kosta ya Chita, shahidi wa shemeji yake, amesimama hapa na shati limepigwa pasi kama la kipaimara, "Shahidi, katika misimu hiyo miwili uliwahi kumpakia marehemu kuja Ifakara?" "Hajawahi kupanda." "Hata mara moja?" na Festo, asiyeweza kusema neno bila kulitia nakshi, akaongeza jambo, watu wakacheka, hakimu akagonga meza, "Jibu ulichoulizwa, hilo halihusiki," wala kalamu haikuliandika, na Levina wakati ule alikuwa anaitazama shingo ya Telesphory, ile mikunjo miwili ya nyuma, jasho limekaa katika mikunjo hiyo kama lilivyokaa kwa mwingine, mahali pale ndipo alipoegemeza paji la uso wake mvua ikipiga bati, mahali pale hasa, panatosha paji la mtu mmoja tu, mpaka akashtuliwa, "Mama, una swali kwa shahidi?" akasema, "Sina," na hakimu akamkumbusha kwa upole, ukilipata baadaye unaweza kuomba shahidi aitwe tena, akasema asante, mheshimiwa, kama mtu aliyepewa kitu asichokihitaji.

Na Careen hajarudi, na dirisha li wazi, na upande wa nyuma wa mahakama mama ntilie amefunua sufuria lake, harufu ya wali ikaingia bila kuapishwa, supa, mchele wa hapa kwao usiojificha, ukipikwa nyumba ya tatu wanajua, na harufu ile ikamshika Levina puani ikamrudisha, hakupenda, ikamrudisha hivyo hivyo kwenye jioni ile... Ijumaa alikuwa Lumemo kwa mama yake mgonjwa, akalala huko, na Jumamosi alfajiri simu ikamkuta huko, alipofika Mlabani nyumba ilikuwa imekwisha kujaa, mabenchi nje, moto umewashwa, wanawake wa Jumuiya ya kanisa wameshafunga vitenge viunoni, akakalishwa mkekani, hakuona kitu, jioni wakamleta Beatus kutoka Chita kwa gari la kukodi, wakamlaza sebuleni, ndipo Dorika alipokuja na sahani, "Kula, shoga, hata punje tatu, usimlaze mwenzio na njaa yako," akatia mdomoni ili aachwe, na akaona haya, maana wali ule ulikuwa mtamu, msiba umekaa ndani na wali ni mtamu, ulinata kidogo kwenye vidole kama unavyonata mchele mpya ambao haujalala ghalani hata usiku mmoja, akauliza, si kwa kutaka kujua, ni kwa kutaka kusikia kama sauti yake ingalipo, "Nani kaleta supa mpya hivi?" na Dorika akasema, "Mungu anamjua, tuliikuta hapo kibarazani, sufuria na mchele wake ndani, imefungwa kitambaa, kuna mtu kawahi rambirambi kabla hata matanga hayajawekwa, wengine wana roho, shoga..." na sufuria hiyo haikudaiwa, baada ya kuanua matanga kila mwanamke alichukua yake, yenye rangi nyekundu, yenye herufi, yenye alama ya msalaba, ikabaki ile moja isiyo na alama, wanawake wakaiita Sufuria ya Mungu, ikawa ya Jumuiya, haikosi msiba wala komunyo, naye Levina ameisugua kwa mikono yake, kwa majivu na mchanga, misiba ya watu wengine, akashangaa masizi yale, masizi mazito, si ya mkaa wa mjini, ya kuni mbichi za porini, yameng'ang'ania tako la sufuria kama yana madai, akasema mwenye sufuria hii sijui alikuwa anapikia wapi... anapikia wapi... na hapo hapo, kabla hajawaza, neno la Festo likarudi lote, zima, pamoja na kicheko chake, "Hata mara moja, mheshimiwa, sufuria ndiyo ilipanda, mwenyewe hakupanda."

Sufuria ndiyo ilipanda. Ubao wa kizimba ukawa baridi chini ya viganja vyake, akamtafuta Festo kwa macho, yuko pale, upande wa dirisha, anachokoa jino, hajui, masikini, hajui alichokisema, Ijumaa ile jioni ameshuka na sufuria mkononi, amepiga hodi, mwenye nyumba yuko Lumemo, ameiweka kibarazani kama alivyoagizwa akakimbilia gari lake, kesho yake amekuja msibani ameiona jikoni inatokota, akajua imefika, nani angemuuliza konda habari za sufuria penye maiti... na wanawake nao wamekuja giza halijaisha kuwasha moto wa msiba, wamekuta sufuria yenye mchele mlangoni pa aliyefiwa, ingekuwa nini kingine, yeye mwenyewe angekuta mlangoni pa Dorika angesema vivyo hivyo, rambirambi, mtu kawahi... alikuwa ametuma. Alikuwa amevuna, ametwanga, amefunga kitambaa kwa vidole vyake vile vinene, kinu cha nani, Beatus hakuwa na kinu, kinu cha Kabula basi, na iwe cha Kabula, huenda mwanamke yule alisimama akamtazama akitwanga mchele wa nyumba nyingine, akajua, mwenzangu, kumbe na yule alikuwa ameachwa nyuma, kumbe pole ile ilikuwa na mizizi, sawa, sawa, misimu miwili bondeni ni mirefu na Mungu ndiye ameona, lakini mtu aliyekwisha kuipandisha sufuria yake garini Ijumaa, Jumamosi hana cha kupikia, hana pa kukaa, hana Chita, ana barabara tu mbele yake... alisikia, kichuguuni alisikia, akaja na mikono na zaidi ya mikono... na mchele ule ulioliwa, sheria yake ni ngumu, hauguswi mpaka mwenyewe aingie, na Levina akahesabu kwa hofu, aliingia lini, moto uliwashwa lini, wanawake asubuhi walipika ugali na maharage, ndiyo, ugali, anakumbuka harufu, wali ulikuja jioni, Dorika alikuja na sahani baada ya gari, baada ya vilio, baada ya kumlaza sebuleni, alikuwa amekwisha kuingia, haukuguswa mpaka alipoingia, ukapikwa, ukaliwa naye akiwa ndani ya nyumba yake, bibi harusi wake akala punje tatu na zaidi, na Telesphory naye alikula, alikula mchele wa mdogo wake akaomba wa pili, hakuna aliyejua, ila mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwao, hakuna lililopungua isipokuwa yeye... na kitu kilichokuwa kimekaa kifuani mwake misimu yote hii, kama mgeni asiyeaga, kikainuka, hakikutoka, kikasogea tu kidogo, kikampisha akavuta pumzi.

Viatu vya Careen vikalia kwenye sakafu, "Hii hapa, mheshimiwa, ya mhasibu, ameniambia irudi," hakimu akaijaribu pembeni mwa karatasi, ikatoa wino, "Tuendelee, mama, nakurudia swali, hadi anafariki, marehemu alikuwa akiishi wapi?" na nyuma kule Dorika akatikisa kichwa, midomo yake ikiumba Mlabani bila sauti, na Telesphory akakohoa, mara mbili, kifuani mpaka puani, na safari hii mkono wa Levina haukwenda popote, ukakaa ubaoni, mzito, wa kwake, shemeji, kunywa maji, utaumia, akawaza bila chuki, akatazama dirishani, Festo yupo, shahidi huweza kuitwa tena, amekwisha kuambiwa, na jibu lilikuwa limekaa chini ya ulimi mahali kiapo kilipopita, wala havisukumani tena, si Mlabani, Dorika, wala si Chita, shemeji, njiani, alikuwa njiani, mheshimiwa, anarudi kwangu, akafumbua kinywa, "Subiri kidogo, mama," hakimu akasema, ameinama, anaandika swali lake upya tangu mwanzo, "usiitangulie kalamu," naye akasubiri, kama anavyosubiri mwanamke aliyekwisha kuiona sufuria kibarazani.